Ushahidi Utafutwe na Serikali, Si na Mlezi

Kila majina ya wanufaika wa Inua Jamii, mpango wa serikali ya Kenya wa kuwapa fedha wasiojiweza, yanaposomwa barazani, na familia yenye mtoto mwenye ulemavu mkubwa ikakosa kusikia jina lake, jibu huwa tayari. Utalisikia kwa mzee wa mtaa, kwa karani, kwa wapigao simu redioni asubuhi, hata kwa majirani wanaoijua familia hiyo vizuri: hawakuleta ushahidi wa kutosha. Wangekuwa na karatasi kamili wangepata. Lawama inamwangukia mama aliyekosa, naye anarudi nyumbani akijiuliza ni karatasi gani aliyoisahau.

Msimamo huu umeenea kiasi kwamba watu wengi hawauoni tena kuwa ni msimamo. Wanaouamini si watu wabaya, na hoja yao inastahili kuelezwa kama wao wenyewe wangeieleza. Fedha ni za umma na hazitoshi. Shilingi 2,000 kwa mwezi ni kidogo kwa anayezipokea, lakini ukizizidisha kwa maelfu ya nyumba na kwa miezi kumi na miwili, ni mzigo mzito kwa mlipa kodi. Afisa aliye ofisini hawezi kuyaona maumivu ya mtu kwa macho. Walaghai wapo. Kwa hiyo anayedai na athibitishe: apimwe na madaktari katika hospitali iliyoidhinishwa, asajiliwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, aonyeshe kipande, alete vyeti. Mahakamani pia mdai ndiye anayethibitisha dai lake. Kwa nini hapa iwe vingine?

Hiyo ndiyo hoja nzima, na inaonekana ya haki mpaka uifungue kipande kwa kipande.

Kwanza: eti masharti makali huwazuia walaghai

Walaghai ndio wanaotajwa mbele ya yote, basi tuanze nao. Siwakani. Msamaha wa kodi ya mapato wanaopewa wafanyakazi wenye ulemavu, ambao kwa agizo la 2010 unaziondolea kodi shilingi 150,000 za kwanza za kipato cha mwezi, ni kishawishi kikubwa kwa mwenye mshahara mnono na dhamiri ndogo. Lakini mlaghai wa namna hiyo anaingia kwa mlango gani? Anaingia akiwa na karatasi zote. Fomu imejazwa, sahihi ipo, muhuri upo, nakala zimethibitishwa. Udanganyifu wake ni huo wa kutengeneza karatasi. Ana gari la kumfikisha hospitalini, ana mtu wa kumjulisha kwa daktari, ana pesa za kumpa atakayemsaidia. Faili lake halina pengo, kwa sababu anajua pengo ndilo litakalomtia mashakani.

Faili lenye mapengo ni la bibi anayemlea mjukuu asiyeweza kukaa wala kusema, mama wa mtoto akiwa amefariki na cheti cha kuzaliwa hakijulikani kilipo. Ongeza sharti moja jipya leo: mlaghai atakuwa ametimiza kabla ya Ijumaa, na bibi huyo atatimiza mwakani au asitimize kabisa. Kila karatasi tunayoiongeza inamchuja mnyonge kabla ya mwongo.

Uingereza imekwenda mbali zaidi yetu katika njia hii, na matokeo yake yako wazi. Tangu 2013 wanayo malipo yaitwayo Personal Independence Payment. Mwombaji hujaza fomu ndefu, hukusanya barua za madaktari na wauguzi, kisha hupimwa na kupewa alama katika shughuli kama kupika, kula, kuoga, kuvaa na kutembea: alama 8 kwa kiwango cha kawaida, 12 kwa kiwango cha juu. Udanganyifu katika malipo hayo, kwa makadirio ya wizara yao wenyewe ya miaka ya karibuni, uko chini ya asilimia moja. Na kati ya rufaa zilizofika kusikilizwa, kwa miaka kadhaa takribani saba katika kila kumi ziliamuliwa kwa faida ya mwombaji. Wengi wa hao walikuwa watu wale wale, wenye miili ile ile, waliokataliwa mwanzoni. Ukali wa masharti haukuwa umewakamata waongo. Uliwakataa wakweli, halafu ukawalazimisha kupigania walichostahili tangu siku ya kwanza. Na waliochoka njiani wasikate rufaa hawamo katika hesabu yoyote.

Pili: eti daktari ndiye shahidi mkuu

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, nami nitakaa hapa zaidi.

Malipo ya Inua Jamii kwa watu wenye ulemavu mkubwa, yaliyoanza 2011, yanamlenga mtu anayehitaji uangalizi wa mwingine usiku na mchana, kiasi kwamba mlezi wake hawezi kwenda kutafuta riziki. Ukilisoma sharti hilo kwa utulivu, utaona linauliza habari za maisha ya nyumbani: nani anamlisha, nani anamgeuza, nani anamsafisha, nani amekosa kibarua kwa ajili yake. Katiba nayo inauliza hivyo hivyo. Ibara ya 260 inaueleza ulemavu kwa athari yake kubwa au ya muda mrefu katika uwezo wa mtu kufanya shughuli za kawaida za kila siku.

Sasa angalia kinachopelekwa kuwa ushahidi. Daktari ambaye hajawahi kumwona mtoto huyo, akiwa na foleni ndefu mlangoni, anampima kwa dakika chache na kuandika jina la hali yake: utindio wa ubongo. Pengine anaongeza kwamba miguu imekakamaa. Sahihi, muhuri, anayefuata. Hakuna aliloandika la uongo. Ila maneno hayo yanaweza kuwa ya mtoto anayetembea kwa kuchechemea hadi shuleni na kushika nafasi ya kwanza darasani, na yanaweza pia kuwa ya kijana wa miaka 14 ambaye hajawahi kushika kijiko. Utindio wa ubongo una daraja nyingi. Jina la ugonjwa halimwambii afisa lolote kuhusu alichotakiwa kukijua.

Kinachokosekana ni hiki. Kijana huyo hulishwa uji kijiko kimoja kimoja, kichwa chake kikiwa kimeegemezwa mkononi mwa mama, kwa sababu akilazwa chali uji unaingia kwenye mapafu. Kikombe kimoja huchukua karibu saa nzima. Usiku mama huamka kumgeuza ubavu, asipofanya hivyo ngozi ya nyonga inachubuka na kuwa kidonda. Godoro huanikwa kila asubuhi. Miaka ya nyuma mama alimbeba mgongoni. Sasa kijana ana uzito unaokaribia wa mama mwenyewe, na mgongo wa mama umeanza kuuma. Kibarua cha kufua kwa watu alikiacha zamani. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hakuna sehemu ya fomu inayomuuliza aliyekilalia.

Kwa ulemavu usioonekana hali ni mbaya zaidi. Mwenye kifafa hachagui siku ya kuanguka. Akifika mbele ya madaktari akiwa ametulia na kusema vizuri, atarudi na barua isemayo hali ni ya wastani. Mwenye skizofrenia aliyetumia dawa mwezi mzima ili aweze kusafiri bila matatizo anapimwa akiwa katika siku yake nzuri kuliko zote. Mgonjwa wa selimundu huonekana mzima mpaka maumivu yanapomlaza wiki nzima. Ukipima siku moja umepima siku hiyo. Maisha ya mtu yako katika siku nyingine zote.

Wala serikali haiwezi kusema haijui kuuliza swali sahihi. Katika sensa ya 2019 makarani walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza kama mtu anapata ugumu wa kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana, na ugumu huo ni wa kiasi gani. Maswali yalikuwa rahisi, yakaulizwa mlangoni pa mtu, wakajibu wanaojua. Serikali inapotaka takwimu huuliza kuhusu maisha. Inapofika kwenye kutoa pesa hutaka jina la ugonjwa.

Tatu: eti kukusanya ushahidi hakumgharimu mtu kitu

Anayesema hivi afunge safari kutoka North Horr hadi mji wa Marsabit, zaidi ya kilomita 150 kandokando ya jangwa la Chalbi, akiwa na mtu mzima asiyeweza kukaa wima. Si lazima twende mbali hivyo. Bara ya Kwale na Kilifi inatosha. Bodaboda haimbebi mtu wa namna hiyo ila akikaliwa nyuma na mwingine wa kumshikilia. Matatu hutoza nafasi ya kiti cha magurudumu, au dereva hupita bila kusimama. Mlezi hawezi kwenda peke yake, basi ndugu anaacha kazi siku hiyo. Mkifika mnaambiwa jopo la madaktari halikai leo. Kisha kuna picha, nakala, chakula cha watu watatu, na safari ya pili kufuata majibu. Kwa wengi malipo ya miezi kadhaa yameshatumika kabla hayajaombwa, na yametumika kwa deni.

Kuna karatasi ambayo pesa haziwezi kuileta. Malipo haya ni ya raia, na uraia huthibitishwa kwa kipande. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao waliletwa kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, hawakukubaliwa kuwa raia hadi 2016, baada ya kufunga safari kutoka pwani hadi Nairobi kudai kutambuliwa. Wapemba walioishi Kwale na Kilifi kwa vizazi walisubiri hadi 2023. Katika miaka yote hiyo walizaliwa kati yao watoto vipofu, watoto viziwi, watoto waliopooza, kama wanavyozaliwa kila mahali. Ulemavu wao ulionekana na kijiji kizima, lakini kwa daftari za serikali haukuwa na uthibitisho, kwa kuwa mzazi hakuwa na karatasi ya kwanza ya kumwezesha kuomba ya pili.

Nne: eti mdai ndiye athibitishe, kama mahakamani

Mfano wa mahakama unawaangusha wanaoutumia. Mahakamani, upande unaoshikilia nyaraka hulazimishwa kuzitoa. Hapa anayeshikilia nyaraka ni serikali, na bado anatumwa mlezi kuzifuata.

Fikiria kijana wa miaka 14 tuliyemtaja. Alizaliwa katika hospitali ya umma, na uzazi mgumu uliosababisha hali yake uliandikwa pale. Alihudhuria kliniki ya watoto, na kadi yake inaonyesha alichelewa kushika shingo. Alipelekwa kwa mazoezi ya viungo hospitalini, na faili liko kwenye kabati. Huenda pia alipimwa katika kituo cha tathmini ya elimu, vituo ambavyo Kenya imekuwa navyo tangu 1984. Karani wa sensa aliuliza habari zake. Chifu anamjua kwa jina. Karibu kila taarifa inayotakiwa iliandikwa na mtu anayelipwa na umma. Kisha mama, mtu pekee katika hadithi hii asiyelipwa na yeyote, anaambiwa azunguke ofisi hadi ofisi kuipelekea serikali habari zilizoandikwa na serikali.

Akishamaliza, uthibitisho wake unachakaa. Cheti cha msamaha wa kodi nacho kimekuwa kikitolewa kwa muda maalumu, na mfanyakazi aliyekatwa mguu amekuwa akirudi kuomba upya kana kwamba mguu ungeweza kuwa umeota. Sielewi ni shaka gani inayoondolewa kwa kumpima tena mtu aliyezaliwa bila mikono. Hali zinazobadilika zipimwe tena, hilo ni sawa. Lakini sheria isiyotofautisha yanayobadilika na yasiyobadilika inawatesa watu bure, na inajaza foleni ya hospitali kwa watu ambao jibu lao linajulikana, huku wapya wakisubiri nyuma yao.

Tano: eti aliyekosa hakuwa na ushahidi wa kutosha

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa kuwa mara nyingi si kweli, na wanaolisema wana njia ya kujua kwamba si kweli.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu wapatao 917,000 wenye ulemavu, kuanzia umri wa miaka mitano. Nyumba zilizokuwa zikipokea malipo ya ulemavu mkubwa kufikia 2018 zilikuwa takribani 47,000. Nchi ina maeneo bunge 290. Gawanya, utapata kama nyumba 160 kwa kila eneo bunge. Si kila mwenye ulemavu anahitaji uangalizi wa usiku na mchana, nakubali. Hata hivyo, nafasi zikiwa zimehesabiwa kabla ya waombaji kufika, ushahidi hauamui nani anastahili. Unaamua nani kati ya wanaostahili ataachwa. Wa 161 anaweza kuwa na faili kamili kuliko la wa 40, na bado akakosa, kwa kuwa nafasi zimekwisha.

Ukweli huo ungeweza kusemwa. Karani angeweza kumwambia mama: umestahili, bajeti haitoshi, uko katika orodha ya kungoja, nambari yako ni hii. Mama angejua wa kumuuliza, yaani mbunge anayepitisha bajeti. Badala yake anaambiwa ushahidi wake haukutosha. Kwa maneno hayo upungufu wa bajeti unageuzwa kuwa kosa la mama, na hakuna mkubwa anayeulizwa chochote. Anauza kuku, anarudi hospitalini kutafuta barua nyingine, kwa ajili ya nafasi ambayo haipo.

Mara nyingi haambiwi hata hilo. Jina halisomwi, basi. Ibara ya 47 ya Katiba inampa mtu ambaye haki yake imeathiriwa na uamuzi wa ofisi haki ya kupewa sababu kwa maandishi, na Sheria ya Uamuzi wa Haki wa Kiutawala ya 2015 ikatungwa kuitimiza. Ukimya wa barazani si sababu iliyoandikwa. Ibara ya 43 nayo inaitaka serikali iwape hifadhi ya kijamii wasioweza kujikimu. Wajibu huo umewekwa juu ya serikali, na hakuna mahali ambapo Katiba imesema utaanza pale mlezi atakapomaliza kukusanya mihuri.

Kinachotakiwa

Sidai pesa zitolewe bila kuuliza. Nadai aulizwe anayejua, na aulizwe pale alipo. Afisa wa ustawi wa jamii aende nyumbani akae nusu siku, aandike anachokiona: nani ameinua nani, chakula kimechukua muda gani, kidonda kiko wapi. Wahudumu wa afya ya jamii tayari wanapita nyumba hizo. Wapewe maswali ya sensa na maandishi yao yahesabiwe kuwa ushahidi. Daktari athibitishe hali, na kauli ya mlezi iwe na sehemu yake katika fomu, yenye uzito wake. Hospitali na Baraza wapelekeane mafaili wao kwa wao. Hali ya kudumu ithibitishwe mara moja tu. Anayekosa kwa sababu ya bajeti aandikiwe hivyo.

Mabadiliko hayo yanachelewa, na sheria mpya ya watu wenye ulemavu ya 2025 itakuwa na maana kwa kadiri ya yatakayofanyika katika ofisi za maeneo. Kwa hiyo namalizia kwa wewe unayemlea mtu nyumbani. Nunua daftari la shule. Kwa wiki mbili andika kila siku: uliamka mara ngapi, alianguka saa ngapi, alikula nini na kwa muda gani, alihitaji nini ambacho hakuweza kujifanyia. Andika siku mbaya na siku nzuri pia, na usipunguze kwa aibu. Utakapokwenda kupimwa, mpe daktari ukurasa mmoja wa muhtasari na umwombe ayaandike katika ripoti yale mtu huyo asiyoweza kufanya, si jina la ugonjwa peke yake. Omba barua ya mwalimu, ya muuguzi wa zahanati, ya jirani anayekusaidia kumbeba. Usiache nakala ya asili mezani pa mtu yeyote. Na jina lisiposomwa, usiondoke na maneno ya mdomo. Andika barua, taja Ibara ya 47, omba sababu kwa maandishi, baki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Ukinyimwa sababu, ipeleke nakala hiyo kwa Tume ya Haki za Utawala. Kupokea malalamiko ya namna hiyo ni kazi yao kisheria.